Kikuubo kwa madaftari, Katwe kwa sanduku: nilivyonunua vya shule mwaka huu

Kama una mtoto mmoja tu, tena wa shule ya kutwa, usijisumbue kwenda Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini Kampala. Nauli, kusukumana na chakula cha mchana vitameza kile utakachookoa. Nunua duka la mtaani kwako, mwache mwenye duka apate faida yake, urudi nyumbani upike. Haya nawaandikia wenzangu wenye watoto wawili, watatu na kuendelea, hasa wenye wa bweni, ambao orodha ya shule ikiingia kwenye simu mwezi wa kwanza huiweka simu kifudifudi kwanza.

Mimi ninao watatu. Mkubwa ni binti, ameingia kidato cha kwanza mwaka huu, bweni. Wa kati yuko darasa la sita, wa mwisho darasa la pili, na hao wawili wanakwenda na kurudi kwa miguu. Tunakaa Bombo, mwendo wa teksi (wengine mnaiita matatu au daladala) kutoka Kampala ambao asubuhi ni saa moja na jioni Mungu ndiye anayejua. Ninauza vitenge na mashuka, kwa hiyo mambo ya jumla na rejareja nayajua kwa upande wa muuzaji pia. Labda ndiyo sababu sishawishiki haraka na neno "ofa".

Nianze na Kikuubo penyewe. Ni njia nyembamba katikati ya mji, karibu na paki za teksi, na maduka mengi ya rejareja ya Kampala na nje ya Kampala yanachota bidhaa pale. Malori yanashusha upande mmoja, wapagazi wanapita na magunia begani wakipiga kelele watu wapishe, na wewe uko katikati na mkoba wako umeukumbatia kifuani. Mtu wa mara ya kwanza hudhani kwamba akifika tu pale, bei imeshuka. Haishuki. Duka la Kikuubo lina bei tatu: ya katoni, ya dazani na ya moja moja, na ya moja moja haina tofauti ya maana na ya kwetu Bombo. Daftari la kurasa 96, ukitaka dazani moja, nilitajiwa shilingi 11,500 za Uganda. Bombo ni 13,000. Elfu moja na mia tano hiyo hata nauli ya kwenda hailipi.

Bei inageuka ukishika katoni. Hapo ndipo dazani ilipokuja kwenye 9,800, rimu ya karatasi ikatoka 24,000 za mtaani ikawa 19,000, kwa sababu rimu tano zinakaa katika katoni moja na muuzaji hataki kuifungua. Na usitegemee kupunguziwa kwa maneno matamu. Kule Owino, soko la mitumba, unaweza kutaja nusu ya bei na mkaendelea kuongea vizuri, lakini Kikuubo ukimwambia "nipunguzie" anakuonyesha kwa kidole katoni iliyo kubwa zaidi. Punguzo lake ndilo hilo.

Kwa hiyo tunakwenda kwa kundi. Wanawake wa mtaa wetu, wengine wake wa wanajeshi, wengine wafanyabiashara kama mimi, tunakusanya orodha zetu wiki moja kabla, mmoja mwenye mwandiko mzuri anazijumlisha, na wawili tu ndio wanaokwenda mjini. Wawili, si kumi. Watu kumi wakienda pamoja kila mmoja anaona kitu cha kwake, na jioni mnarudi na sahani za maua na hakuna aliyenunua rimu. Waliobaki wanachangia nauli na toroli. Safari hii tulichukua madaftari, rimu, kalamu za boksi la 50, sabuni za miche, karatasi za choo, na gunia la sukari la kilo 50 ambalo tulilipata kwa 175,000. Piga hesabu: kilo ni 3,500, wakati dukani kwetu ilikuwa 4,200. Shule ya binti yangu inataka kilo tano kila muhula, kwa hiyo kwenye sukari peke yake nimebaki na 3,500 mfukoni. Ni kidogo, najua. Lakini orodha ya shule yote imejaa vitu vidogo, na hivyo vidogo ndivyo vinavyokutoa jasho.

Kuhusu kulipa: msitembee na noti pale. Kuna vidole vyepesi katikati ya ule msongamano, na hilo halihitaji kuelezwa. Maduka mengi yana namba ya kulipia kwa simu, mnalipa hapohapo mbele ya katoni zenu. Ukitoa pesa kwa wakala kwanza unalipa ada ya kampuni, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kile ulichotoa. Kwa pesa ya kundi zima hiyo ni dazani kadhaa za kalamu zimepotea hewani.

Sasa daftari. Watu wanaangalia jalada, lina mpira au lina simba, basi. Mimi nafungua katikati kwenye pini. Pini mbili zikiwa zimekaa sawasawa na ncha zimelala, karatasi hazitachomoka ifikapo Aprili. Kisha nachukua kalamu yangu mwenyewe ya wino, si ile ya muuzaji, naandika jina kwenye ukurasa wa mwisho, nageuza. Jina likisomeka nyuma, hilo daftari mtoto ataandika upande mmoja tu, yaani umenunua nusu. Halafu nahesabu. Ndiyo, nahesabu, na muuzaji anakunja uso. Kuna madaftari yanaandikwa kurasa 96 na ndani hazifiki, na hayo mara nyingi ni yale yasiyo na alama ya Q ya shirika letu la viwango, UNBS. Kijana mmoja wa duka aliniambia, "Hajjati, sasa wewe utahesabu katoni nzima?" Maka sijawahi kufika, lakini mjini ukijifunga mtandio vizuri unapewa uhaji bure. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, nahesabu moja, wewe ndiye utakayehesabu mengine nikikuta pungufu." Akacheka, akaenda kuleta katoni nyingine kutoka ndani. Haikuwa ile ya kwanza.

Supamaketi nazo nilipita, maana watu wataniuliza. Januari yote wanapanga mlangoni vifurushi vya shule: begi, madaftari, chupa ya maji, seti ya hesabu, vyote ndani ya nailoni inayong'aa na utepe juu. Nilichukua kifurushi kimoja, nikazunguka nacho humohumo dukani nikitafuta kila kitu kwenye rafu yake. Jumla ya rafu ilikuwa chini ya bei ya kifurushi. Sitataja duka lenyewe, na sidhani ni hilo peke yake. Nilichonunua kwao ni seti ya hesabu tu, kwa sababu bikari zao ni za chuma na skrubu inakaza. Bikari laini inayofunguka yenyewe katikati ya duara imewaliza watoto wengi kwenye mtihani.

Hayo yote ni vitu vinavyoisha. Sabuni inaisha, daftari linajaa, karatasi ya choo sina haja ya kueleza. Kwa vitu vya aina hiyo mimi ni bahili bila haya, na Kikuubo naipa sifa zote. Ila kuna vitu ambavyo mtoto wa bweni atakaa navyo miaka, na hapo ndipo naona wazazi wengi wanapindua mambo: wanatoa pesa nyingi kwenye begi lenye picha na kubana kwenye sanduku.

Sanduku la bati nililifuata Katwe, mtaa wa mafundi bati wa Kampala. Yapo pia Kisenyi, na yapo yaliyopangwa ghorofa ghorofa barabarani karibu na soko, yamepakwa rangi ya bluu na nyeusi, yanang'aa hadi unaona sura yako. Ya barabarani yalianzia 60,000, lakini yule anayeuza hakulitengeneza na hawezi kukujibu swali. Katwe unakuta fundi mwenyewe, nyundo mkononi, bati liko chini, na makelele ambayo baada ya nusu saa unasikia meno yanatetemeka. Faida ni kwamba unaliona bati kabla halijapakwa rangi. Rangi inaficha mengi.

Mafundi wanaongea kwa geji. Namba ikipungua bati linanenepa: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni kama kopo la maziwa. Shida ni kwamba ukiuliza, kila sanduku ni geji 28. Mzee niliyemkuta, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliniambia hivyohivyo. Nikamwambia, "Sawa mzee wangu, nionyeshe na la 30 nilinganishe." Akanitazama, akaenda kuleta jingine. Nikabonyeza katikati ya kifuniko cha kila moja kwa kidole gumba. La kwanza lilikataa. La pili likaingia ndani kwa mlio, tak, na nilipoachia likarudi kwa mlio huohuo. Sanduku linalolia tak, siku wenzake wakilikalia bwenini kusuka nywele, na watalikalia, kifuniko hakitafunga tena.

Baada ya hapo nikawasha tochi ya simu, nikaiweka ndani, nikafunga kifuniko, nikaomba kijana wake asimame upande wa jua anizibie. Mwanga ulitoka kwenye kona moja ya chini, mstari mwembamba kama uzi. Hapo ndipo maji yataingia siku bweni likipigwa deki au mvua ikipita chini ya mlango, na hapo ndipo mende watahamia. Mzee hakubisha, alichukua nyundo akaikunja ile kona upya, akaipiga, tukatazama tena, giza. Jaribu kumwambia muuzaji wa barabarani afanye hivyo.

Kitu kingine ambacho mama wa watoto wa bweni anakijua ni bawaba. Kila mtu anaangalia komeo na kufuli, ananunua kufuli la bei, halafu nyuma bawaba zina pini inayochomoka kwa msumari. Wezi wa bwenini hawagusi kufuli lako. Wanachomoa pini nyuma, wanafungua sanduku kinyumenyume, wanachukua sukari na sabuni, wanarudisha pini. Kwa hiyo ncha za pini lazima zipigwe zilale, na bawaba zishikwe kwa ribiti, si skrubu. Mzee alinipigia pini zote mbele yangu. Jina la binti tuliliandika mara mbili, juu ya kifuniko na ndani yake, maana la juu linaweza kupakwa rangi.

Nililipa 95,000, na kijana nikampa elfu mbili za soda. Ukilinganisha na 60,000 ya barabarani utaona nimetupa pesa. Lakini kidato cha kwanza mpaka cha sita ni miaka sita, mihula kumi na minane. Sanduku langu likifika mwisho, na nimeangalia kila kona yake kwa ajili hiyo, kila muhula limenigharimu kama 5,300. La 60,000 likifa baada ya mwaka, kila muhula ni 20,000, na bado unatakiwa kununua jingine. Dada yangu wa Luwero amenunua masanduku mawili kwa mtoto mmoja, na huyo mtoto yuko kidato cha pili.

Ubaya wa Katwe ni kulibeba. Boda hataki, au anataka bei ya gari. Mimi nililisukumia kwa toroli hadi paki na kondakta akalitoza kama abiria. Kama mnakwenda wawili wenye masanduku, ingizeni dogo ndani ya kubwa, mlipie moja. Na muulize habari ya rangi: yangu ilikuwa bado inanata jioni, na kitenge changu kizuri kikarudi Bombo na alama ya bluu ubavuni.

Godoro sikununua kabisa. Jipya la inchi nne lilikuwa kwenye laki moja, kwa hiyo nikalitoa lile la kitanda chake mwenyewe nyumbani, lina miaka miwili na halijabonyea, nikalishonea kava jipya la kitambaa kizito cha Kiyembe, mtaa wa vitambaa, kwa 18,000. Kitanda kimebaki chagatupu, na akija likizo litarudi naye. Shule zinazokubali kulihifadhi likizo mimi siziamini na panya zao.

Owino, ambayo kwa jina lake rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, ni mahali pa shati na viatu, ila viatu kwa masharti. Shati jeupe la shule la mitumba ni 6,000, na ukichagua vizuri ni pamba nzito kuliko jipya la 20,000. Mengi yametoka Uingereza na ndani ya kola yana umri badala ya saizi: miaka 11 hadi 12, miaka 13. Usifuate. Mtoto wao wa miaka 13 na wangu wa miaka 13 hawana mabega mamoja. Nenda na shati lake la zamani, lilaze juu ya lile unalotaka, mshono wa bega kwa mshono wa bega. Moja nililochukua lilikuwa bado na jina la mtoto mwingine ndani, limeandikwa na mama yake kwa wino usiofutika. Nilishona kiraka kidogo juu yake, nikaandika letu. Inaelekea akina mama wa kule nao wanaibiwa mashati.

Mwaka 2023 Rais Museveni alitangaza kwamba nguo za mitumba zipigwe marufuku ili viwanda vyetu vya nguo vipumue, na wengi tulidhani Owino itabaki meza tupu. Meza bado zimejaa. Mimi nauza vitenge, sina ugomvi na viwanda, lakini siku shati jipya la pamba la hapahapa likishuka kwenye 10,000 nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Viatu vya mitumba vya ngozi ni 30,000 mpaka 35,000, na vipya vyenye jina ni mara mbili au zaidi. Kwa mtoto wa darasa la pili ambaye mguu unakua kila likizo, chukua mitumba wala usifikirie. Kwa wa bweni pia nilichukua, lakini soli lazima iwe imeshonwa, si ya gundi peke yake. Tena kuna mtego. Kuna viatu vinaonekana vipya kabisa, soli haijaguswa na vumbi, vilikaa miaka kwenye ghala au kabati la mtu huko ng'ambo. Soli zile laini nyepesi zikikaa muda mrefu zinaoza zenyewe bila kuvaliwa, unyevu tu wa hewa unatosha. Chomeka ukucha wa kidole gumba pembeni ya soli. Ikibaki na alama na kurudi, nzuri. Ikimeguka unga kama keki, rudisha, hata kama anakuapia kwa mama yake. Jozi ya binti yangu nilipeleka kwa fundi wa viatu nje ya soko, akazungushia uzi wa nailoni soli yote kwa 5,000. Jumla 38,000. Nasubiri kuona Agosti vitakuwaje, lakini mpaka sasa sijaombwa viatu kwa simu ya matroni.

Vitabu ni habari ya tahadhari moja. Wanaouza vitabu vilivyotumika wapo wengi barabarani mjini kati, na bei zao zinavutia. Lakini mtaala wa kidato cha kwanza mpaka cha nne ulibadilishwa mwaka 2020, na waliofanya mtihani wa kwanza wa mtaala huo walikuwa wa mwaka 2024. Kitabu cha zamani cha fizikia chenye jalada zuri la plastiki hakitamsaidia mtoto wa leo ambaye anapewa kazi za kufanya na kuonyesha, si za kukariri. Tazama ndani kama kimeandikwa kuwa cha mtaala mpya, na kama hakuna mwaka wa 2020 au zaidi, endelea na safari yako. Vilivyokuwa adimu zaidi kwenye meza hizo ni vya Kiswahili. Somo hilo ni la lazima kidato cha kwanza na cha pili kwa mtaala mpya, na tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi kila shule inatafuta vitabu. Nilinunua kipya. Mwalimu anaye nyumbani bure, yaani mimi, maana baba yangu alikuwa mwanajeshi na nimekulia kambini, ambako Kiswahili ndicho kilichosemwa, ingawa binti amekwisha kuniambia kwamba Kiswahili changu kina makosa ya ngeli.

Sare, hakuna cha kuokoa. Shule inauza yenyewe, bei imeshapangwa, na sweta yenye nembo huwezi kuishona nje. Wizara ya Elimu imeshatoa waraka si mara moja kuhusu vitu hivi ambavyo shule hudai nje ya karo, na waraka ukifika mlangoni kwa mhasibu unavua viatu na kukaa. Niliuliza kwa upole kama naweza kuleta fagio moja badala ya mbili. Nikaambiwa nilete mbili.

Vya kula vya bwenini nilivitengeneza nyumbani. Karanga nilinunua mbichi kwa kilo, nikakaanga, nyingine nikasagisha ikawa odii, nikajaza kopo la plastiki. Chakula kilichopikwa shule nyingi hazikubali kiingie, lakini karanga kavu na sukari havina mgogoro. Ukinunua kopo la odii tayari dukani unalipia zaidi kopo na karatasi yake ya rangi.

Na ya mwisho ni lini uende. Shule hufunga mwanzoni mwa Desemba na muhula wa kwanza huanza Februari, na katikati hapo kuna Krismasi ambayo kila mtu ananunua kuku na nguo. Madaftari, rimu na sabuni tulinunua wiki ya pili ya Desemba, wakati wenye maduka wanatafuta wateja wa vitu hivyo. Wa kidato cha kwanza mnalo tatizo lenu: matokeo ya darasa la saba hutoka Januari, uchaguzi wa shule unafuata, na mtoto huripoti Februari baada ya wenzake, kwa hiyo orodha kamili hamtaijua mapema. Lakini ni nadra shule ya bweni Uganda isiyotaka sanduku, beseni, jerikeni, chandarua na rimu. Hivyo nunueni Desemba, mbakize pesa ya sare. Nilikwenda Katwe Desemba ileile, mzee alikuwa na muda wa kunikunjia kona. Mama mwenzangu aliyemwendea wiki ya mwisho ya Januari aliambiwa achague haraka au apishe wengine, na bei ilikuwa 120,000.

Kwa muhula wa pili, unaofungua mwishoni mwa Mei, kundi letu litakwenda Kikuubo tu, tena kwa sukari, sabuni na karatasi za choo. Mnaokaa Bombo na mnataka kuingia kwenye gunia, jina na pesa vifike kwa mwenye mwandiko mzuri kabla ya tarehe 10. Ahadi hatuandiki.